Ukuta wa Upande wa Kushoto

Nyumba za Reli, Voi
4 Machi 1979

Mjomba Mwandawiro,

Shikamoo. Na Tryphena, wewe unayemsomea baba yako tangu macho yake yaanze kuona ukungu, hujambo. Soma polepole, na mzee akisinzia umwamshe, maana ya maana yako chini.

Huku tu wazima, ukimtoa mke wangu Jedidah. Jino linamsumbua wiki ya tatu na hataki ling'olewe, anasema amekaa nalo kuliko alivyokaa na mimi. Mvua tuliiona Jumanne upande wa Wusi, ikatupungia mkono ikapita. Wakwe zangu kule Marungu walipanda mahindi, ndovu wakavuna. Mama anakusalimu. Anauliza kama huko Taveta hakuna basi linalokuja upande huu, kwa sababu anaona basi la kwenda huko linajaa kila siku.

Sasa neno lenyewe. Kwaya yetu imealikwa Nairobi, mwisho wa juma la kwanza baada ya Pasaka. Ni kwaya saba kutoka sehemu mbalimbali, na tamasha litafanyika Chuo Kikuu. Ukumbi ni ule ule mdogo wa muziki tulioupigia mbao mwaka wa 1966, wewe fundi, mimi mwanagenzi wako. Mwalimu Obadiah, kiongozi wa kwaya, alipousoma mwaliko nilidhani nimesikia vibaya nikamwomba asome tena. Akasoma. Ulikuwa ni ule ule.

Sijakanyaga pale miaka kumi na tatu. Ndani ya basi kuna nafasi moja. Nimemwambia Obadiah aiweke mpaka nipate jibu lako. Huhitaji kuimba. Utakaa tu usikilize.

Randa yako iko salama. Naipaka mafuta kila mwezi na sijaitumia hata siku moja.

Ni mimi mpwa wako,
Josephat


Taveta
25 Machi 1979

Mpwa wangu Josephat,

Marahaba. Barua yako ilikuja na gari la moshi la Alhamisi, imekunjwa kama iliyokaliwa na mtu mzito. Sisi ni wazima. Mfereji una maji, ndizi zinazaa, na Mama Tryphena anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu Krismasi. Mwambie Jedidah jino ling'olewe. Mwambie mama yako basi nimeliona.

Macho yangu yako hivyo hivyo. Mtu akisimama mlangoni najua ni mtu. Akisema najua ni nani. Inatosha.

Kuhusu Nairobi, siendi. Ndizi haziwezi kuachwa peke yake.

(Kaka Josephat, ndizi zinaweza kuachwa. Zilikaa wiki mbili peke yake alipolazwa hospitali, na zilinenepa. Ni mimi, Tryphena.)

Nenda ukaimbe. Simama wima, usiimbe na mabega. Ukiingia ndani ya ule ukumbi angalia mbele, usiangalie kando. Hayo mengine uliyoandika nimeyasikia.

Mjomba wako,
Silvanus Mwandawiro


Voi
2 Mei 1979

Mjomba Mwandawiro,

Shikamoo, na Mama Tryphena shikamoo. Jino la Jedidah limetoka. Ameliweka kwenye kikopo cha dawa juu ya kabati na sijui tunalingoja lifanye nini. Mama ni mzima. Nimesikia kwenu mvua zimekata njia, kwa hivyo huenda barua hii ikafika baada ya mambo yote kusahauliwa, jambo ambalo kwangu lingekuwa nafuu.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi kwa basi la kukodi, watu thelathini na wawili na majoho yametundikwa madirishani. Pale Mtito Andei mama mmoja muuza machungwa alituuliza maiti ni ya nani. Munyao, yule Mkamba wa duka la vyuma anayeimba sauti ya tatu, akamjibu kwamba bado hatujaamua. Kisha akaimba kutoka Mtito hadi Emali bila kuombwa na mtu, na karibu tuamue.

Mjomba, wewe uliondoka pale ukumbi ukiwa bado unanuka gundi. Hebu nikueleze palivyo sasa. Ile miti waliyokuwa wanaipanda siku zile, ile tuliyokuwa tunaiita fimbo, imefika ghorofa ya pili. Chini yake kuna kivuli cha kutosha kanisa zima. Wanafunzi wako likizo, kwa hivyo tulilazwa kwenye vyumba vyao. Nililala kwenye kitanda cha mtu nisiyemjua, ambaye mezani aliacha kikombe na kitabu kinene kuhusu mawe. Mawe tu, Mjomba, kurasa mia sita. Nilisoma kumi na mbili. Tangu siku hiyo nikikanyaga kokoto za reli naona kama nimepita wazee bila kuwaamkia.

Mwaka ule tuliingia kwa mlango wa nyuma na kula chini ya mabomba. Safari hii niliingia kwa mlango wa mbele, nina tai, na mama wa mapokezi akaniambia karibu. Nikageuka kuangalia nani yuko nyuma yangu.

Maktaba nayo niliingia. Ndani kuna kabati kubwa la droo ndogo ndogo, kila droo imejaa vikaratasi, na kila kikaratasi kina jina la kitabu. Yaani vitabu vina nyumba yao, na majina ya vitabu yana nyumba yake. Nikavuta droo moja nione pembe zake zimeunganishwaje. Mlinzi akaja kuniuliza natafuta kitabu gani. Nikamwambia sitafuti kitabu, naangalia droo. Akasema, "Haya, angalia. Wengi hapa huja kusoma." Nikasimama katikati ya vile vitabu nikajaribu kuhesabu rafu ngapi mtu angemaliza akianza akiwa mtoto. Nikaacha. Mimi niliyejisomea kwa magazeti ya kufungia sukari nilijiona kama mtu aliyejivunia kibuyu chake cha maji, kisha akaonyeshwa ziwa.

Jumamosi asubuhi tukaingia ukumbini kufanya mazoezi. Niliangalia mbele kama ulivyoniagiza. Niliangalia mbele kwa muda wa, tuseme, dakika moja.

Zipo kuta zote mbili, Mjomba. Ule wako wa kulia, mbao zimebanana hata wembe haupiti, umenyooka kama siku ulipoumaliza. Na ule wa kushoto.

Hatukupewa nafasi ya kutafuta mahali pa kusimama. Mwalimu wa muziki wa pale, bwana mmoja mrefu anaitwa Stephen, alimshika Obadiah bega akamwambia, "Nyinyi wa Voi msiimbie ukuta wa kulia. Ule unapigia watu kelele. Geukieni huku kushoto." Obadiah akauliza kuna tofauti gani, si ni mbao kwa mbao. Yule bwana akatabasamu. Akasema, "Imbeni kwanza."

Tukageuka. Obadiah akatupatia do, sauti ya kuanzia. Tukaimba.

Sijui nikuandikie vipi. Kila sauti ilisimama mahali pake. Nilimsikia Priscilla, mwisho kabisa wa mstari wa mbele, akivuta pumzi. Miaka kumi na mmoja nimeimba besi na ilikuwa mara ya kwanza kujisikia. Tuliponyamaza sauti haikurudi kutusumbua, wala haikukatika. Ilikwenda polepole ikakaa chini, kama mgeni mwenye adabu. Hakuna aliyesogea. Hata Munyao alifunga mdomo, na Obadiah alikuwa bado ameinua mkono, amesahau kuushusha.

Ndipo yule bwana akasema, "Mmesikia? Watu wanatoka mbali kuja kurekodi mbele ya huu ukuta. Sauti inayozidi inaingia kwenye ile mianya, inapotelea kwenye nafasi iliyo nyuma. Kila mwaka wanafunzi wa mambo ya ujenzi wanaletwa hapa na rula kuipima. Na kwenye ramani haipo. Tumetafuta. Ramani inaonyesha kuta mbili zinazofanana. Nani aliyefanya hii, hatujui. Kuna fundi yeyote kwenye kwaya yenu anayeweza kutuambia?"

Watu watatu wakaniangalia, maana wanajua nafanya kazi ya mbao karakana ya reli. Nikaingiza mkono mfukoni. Nikanyamaza. Hiyo ni mara ya pili.

Tryphena, ukurasa unaofuata nimeuanza upya kwa makusudi. Msomee wote.

Mjomba, ukuta ule ni wangu. Uliniachia siku ile ya Jumamosi ulipokuwa na homa, ukaniambia niumalize kwa kufuata ramani. Ramani ilikuwa kwa Kiingereza na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha salamu. Mikono ikafanya ilichokijua. Ilichokijua ni ghala la mahindi la bibi kule Wusi, ubao, nafasi ya kidole cha mwisho, ubao, nafasi ya kidole, ili mahindi yapate hewa. Niliijengea serikali ghala la mahindi lenye urefu wa futi arobaini, na jioni nikasimama nikaliona zuri.

Jumatatu mkaguzi alipouliza, "Nani amefanya hii?" ulisema, "Mimi." Mimi nilikuwa nimeshika msasa, nikaendelea kusugua mahali palipokuwa pameshakuwa laini. Ulifukuzwa mbele ya watu wote. Ulichukua mkoba wa nguo, ukaniachia sanduku la vifaa na randa ndani yake. Ukuta uliachwa tu kwa sababu zilikuwa zimebaki siku kumi ukumbi ufunguliwe. Mimi nikapata cheti, na kwa cheti nikapata reli, na kwa reli nikapata nyumba hii ninayoandikia.

Watu wote walipotoka kwenda kunywa chai, nilirudi nikaingiza kidole kwenye mwanya. Kikaingia kama kilichotoka jana.

Niruhusu nimwandikie yule bwana nimwambie ni ukuta wako. Ulibeba aibu yake. Sasa ubebe na sifa.

Josephat


Voi
1 Julai 1979

Mjomba Mwandawiro,

Shikamoo. Tu wazima. Mama anakusalimu. Kwa wakwe Marungu ndovu wameondoka, na mahindi pia.

Nauliza tu kama barua yangu ya Mei ilifika. Nimemuuliza karani wa posta, akaniambia gari la moshi la Taveta halipotezi barua, linachelewa nazo. Ni miezi miwili sasa. Kama ilifika na hutaki kujibu, nitaelewa. Lakini niambie kwamba hutaki kujibu, ili niache kwenda stesheni kila Ijumaa kama mtu anayengoja mchumba.

Josephat


Taveta
19 Julai 1979

Mpwa wangu Josephat,

Marahaba. Barua ya Mei ilifika Mei. Ninayeandika ni Tryphena, kama kawaida, na leo anaandika akiwa amenuna. Mama yake amekaa karibu kuhakikisha haandiki vyake.

Ilivyokuwa ni hivi. Tryphena alinisomea safari, akanisomea miti na droo na yule Mkamba, akanisomea mlivyoimba. Kisha akakunja karatasi akasema, "Ndiyo hivyo tu, anakusalimu." Mimi macho yangu ni mabaya. Masikio yangu ni mazima. Nilisikia karatasi ikigeuzwa mara moja, na mara ya pili, na ya tatu ikawekwa chini bila kusomwa. Nikangoja. Nilidhani labda ni habari ya kifo na anatafuta namna ya kunieleza. Nikangoja mpaka Julai.

(Kaka, nilisoma ule ukurasa peke yangu kwenye migomba. Tangu niko darasa la tatu watoto wenzangu walinitania kwamba baba yangu ndiye fundi aliyeharibu ukuta wa Chuo Kikuu. Niliwapiga wawili, nikachapwa mimi. Nilitaka ukae bila jibu na wewe miaka kumi na tatu. Nilishindwa, nimeweza miezi miwili. Mama ameniona ninaandika haya na amenyamaza, kwa hivyo nadhani ameruhusu.)

Wiki iliyopita nilimwambia, "Lete ule ukurasa wa tatu." Akaenda akauleta. Alikuwa ameuweka ndani ya Biblia, mahali ambapo alijua sitaona na hangeweza kuutupa.

Sasa nisikilize. Nilijua. Jumatatu ile kabla mkaguzi hajafika, niliingia mimi wa kwanza nikauona. Nikajaribu kidole changu cha mwisho kwenye mwanya, hakikupita. Nani mwingine pale alikuwa na kidole chembamba na ghala la Wusi kichwani? Ghala lenyewe ni mimi niliyekufundisha kulijenga. Ukinyamaza au usinyamaze, ilikuwa ni kitu kimoja. Ungefukuzwa wewe, mama yako angeniuliza mimi. Nikifukuzwa mimi, hakuna wa kuniuliza. Ilikuwa hesabu fupi.

Ambacho sikuhesabu ni kwamba habari ingefika Taveta kabla yangu. Kazi ya kwanza niliyopewa huku ilikuwa banda la kuku. Mwenye kuku alisimama nyuma yangu kutwa akiangalia kama naacha mianya. Banda la kuku, Josephat, ambalo lina haki ya kuwa na mianya. Nikalimaliza, nikaweka nyundo chini, nikapanda ndizi. Ndizi hazina mkaguzi.

Usimwandikie huyo bwana lolote. Sitaki sifa ya kazi ambayo sikuifanya, na aibu yake nimeshaizoea, imekuwa kama lile jino la mkeo.

Lakini umeandika kwamba sauti ilikwenda ikakaa chini. Tryphena amenisomea hapo mara nne. Ukuta hauwezi kufanya hivyo. Mimi nimefanya kazi ya mbao miaka ishirini na saba, na ubao ni ubao. Sisemi ni uongo. Nasema sielewi.

Mjomba wako,
Silvanus Mwandawiro


Voi
9 Machi 1980

Mjomba Mwandawiro,

Shikamoo. Jedidah amejifungua msichana, wote wawili wazima. Jino lile limehamishwa kutoka juu ya kabati kwa heshima ya mtoto. Asante kwa ndizi. Zilifika zimeiva upande mmoja, ule wa behewa uliopata jua.

Tumealikwa tena, juma lile lile baada ya Pasaka, ukumbi ule ule. Mimi sitakwenda. Mabehewa ya mizigo yameacha reli karibu na Miasenyi, hakuna aliyeumia, ila karakana yote imefutiwa likizo mpaka yatengenezwe. Nilimwomba bosi. Akaniuliza kama bila besi yangu wimbo utaanguka. Nikasema hapana. Akasema bila mimi behewa litaanguka.

Kwa hivyo kwenye basi nafasi ni mbili, yangu na ile ya kawaida ambayo haina mtu. Obadiah amekubali ziwe zako na Tryphena. Mkija na gari la moshi la Alhamisi mtalala kwangu, na Ijumaa mnapanda basi mlangoni. Sikuombi uende ukasamehe mtu. Ulisema huelewi. Nenda ukasikie, basi.

Na ukikataa, usitumie ndizi kama sababu. Nimeshaambiwa zinajiweza.

Josephat


Taveta
30 Aprili 1980

Mpwa wangu Josephat,

Marahaba. Mtoto nimembeba, ni mzito kuliko wewe ulipokuwa umri wake, na analia kwa sauti ya kwanza. Mama yako nimemwona. Neno la kwanza aliniuliza kama bado natia chumvi nyingi. Ulirudi kutoka Miasenyi tukiwa tumeshaondoka, kwa hivyo nakuandikia kama vile hatukulala kwako.

Safari sina la kusema, sikuiona. Munyao alinieleza kila mlima, na nina shaka mingine aliitunga. Ile miti yako niliisikia. Ilikuwa inavuma juu kabisa, nikainua uso kama mtu anayetafuta ndege. Nikamuuliza Tryphena, "Hizi ni zile fimbo?" Akasema, "Ndizo, Baba." Nikasimama hapo mpaka wakanivuta.

Ukumbini nilimwomba Tryphena anipeleke kulia kwanza. Nikaupapasa ukuta wangu kutoka mlangoni hadi mwisho. Haujapinda, Josephat. Hakuna ubao ulioinuka, hakuna msumari uliotoka. Nilifanya kazi nzuri. Kisha nikarudi nyuma hatua tano nikapiga kofi moja. Lile kofi likanirudia mara tatu, kali, kama mtu anayegombezwa na wanawe. Nikapiga tena. Mara tatu. Nikajua kwamba nimesimama mbele ya ukuta ulionyooka kabisa na mbaya kabisa.

Tukavuka kwenda kushoto. Nikapiga kofi.

Likaenda. Likakaa.

Sikupiga la pili. Kuna vitu mtu akivipata mara moja anaogopa kuviomba tena. Ndipo kwaya yako ikaingia kufanya mazoezi, na mimi nimekaa mbele yao kwenye kiti, mgongo wangu karibu na zile mbao zako. Walipoanza niliwajua mmoja mmoja bila kuambiwa. Huyu ni Obadiah, huyu Priscilla, huyu ni Munyao na leo hajivuni. Kwa macho yangu watu wamekuwa ukungu miaka minne sasa. Pale walirudi kuwa watu. Nilivua kofia, na sikuwa nimeambiwa ni sala.

(Alilia, Kaka. Hataki niandike, lakini ameegemeza kichwa ukutani hapa anajifanya hasikii kalamu yangu inaandika muda mrefu kuliko alivyosema.)

Walipomaliza yule bwana Stephen akaja kunisalimu. Akaniuliza, "Mzee, nimekuona unapapasa kuta. Wewe ni fundi?" Nikasema nilikuwa. Akauliza, "Uliwahi kufanya kazi hapa?" Nikamwambia, "Nilifukuzwa hapa. Nilifukuzwa kwa ajili ya huu ukuta ulio nyuma yangu."

Nikasikia akivuta kiti, akakaa chini, karibu sana nami. Akasema taratibu, "Basi ni wewe. Miaka yote tunauliza. Ni wewe uliyefanya hii?"

Lile swali nalijua. Nimewahi kuulizwa katika chumba kile kile, nimesimama labda hatua kumi kutoka pale, na nilijibu bila kufikiri. Jibu lilinijia mdomoni lenyewe, limeshazoea njia. Miaka kumi na minne nimesema ndiyo. Na safari hii nikisema ndiyo nilikuwa napewa heshima, na wewe mwenyewe ulishaniruhusu kwa barua, na hakuna pale ambaye angenipinga isipokuwa Tryphena, ambaye alikuwa amenishika mkono.

Nikasema, "Hapana. Ni mpwa wangu. Anaitwa Josephat, yuko karakana ya reli, Voi. Andika."

(Aliisema kwa sauti ya ukumbi mzima. Ukuta wa kulia ukalirudia jina lako mara tatu. Wa kushoto ukalipokea. Watu wote waligeuka.)

Ameandika. Anasema atakutumia barua. Ikija usijifanye mnyenyekevu, jibu kwa kurasa mbili, na umweleze habari ya ghala la Wusi, maana mimi nilianza kumweleza akaomba karatasi nyingine.

Sasa kuna jambo la huku. Mchungaji wetu Fanuel alikuwa kwenye gari la moshi tuliporudi, na Tryphena alimsimulia yote kutoka Voi hadi stesheni ya hapa bila kupumua. Kanisa letu la mabati sauti zinagongana mpaka waumini hawasikii wanaombewa nini. Jumapili wazee wa kanisa walikuja hapa nyumbani, watano, mmoja wao ni yule mwenye kuku. Wanataka ukuta wa nyuma upigwe mbao, wenye mianya. Yule mwenye kuku ndiye aliyesema neno mianya, na alilisema akiangalia chini, kwa jinsi sauti yake ilivyotoka.

Nimekubali. Nitakata na kupiga randa kwa kupapasa, mikono haijasahau. Tryphena atapiga misumari, ana hasira za kutosha. Kwa hivyo nitumie randa yangu. Usimpe mtu, ije na wewe.

Maana kuna kitu ambacho hakiwezi kutumwa kwa mkono wa mtu. Pale ukumbini nilipima ule mwanya kwa kidole. Changu hakiingii, kama siku ile. Cha Tryphena kinacheza ndani. Nilimwomba yule bwana, naye chake kikakwama. Nimejaribu kuukumbuka kwa vijiti, nimekata vinne, vyote vinanidanganya.

Omba likizo bosi wako. Mwambie behewa lingoje. Mbao zitafika wiki ya pili ya Juni, na hatupigi hata ubao mmoja kabla hujaja na kidole chako.

Mjomba wako,
Silvanus Mwandawiro
Fundi